Msikiti wa udongo nani ataulinda?

UKIZUNGUMZIA majengo ya kale ya nchi hii mbele ya Waislamu wa mjini, majina utakayotajiwa ni yale yale: Kilwa, Kaole, Tongoni, Kizimkazi, Mji Mkongwe. Ni majina ya pwani na yana haki yake. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani sehemu yake ya kwanza ni ya karne ya 11, na Ibn Battuta alipofika kisiwani hapo mwaka 1331 aliukuta mji wa Kiislamu wenye sultani wake. Hayo yanafahamika, na hata wasiokuwa Waislamu wanayasoma shuleni.

Mimi naandika kutoka Ngulyati, wilaya ya Bariadi, mkoa wa Simiyu. Huku hakuna mawe ya matumbawe wala mihrabu za kuchongwa. Kuna tofali za udongo, bati lililoshika kutu, makaburi ya wazee yasiyo na maandishi, na miti ya kivuli ambayo chini yake watu waliamua mambo yao kabla ya kuwepo ofisi ya kata. Swali la kujiuliza ni hili: je, sisi wa bara hatuna cha kuhifadhi? Na kama tunacho, kazi hiyo ni ya nani?

Tuanze na sheria, maana wengi hatuijui. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1979, ndiyo inayotumika Tanzania Bara. Kwa mujibu wa sheria hiyo, jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863 linalindwa kwa sababu ya umri wake. Lililojengwa baada ya hapo halina ulinzi huo mpaka Waziri mwenye dhamana alitangaze. Chukua mfano wa Boma la Kale la Dar es Salaam, lile lililo karibu na bandari. Lilijengwa mwaka 1866-67, enzi za Sultan Majid bin Said, kwa ajili ya kupokea wageni wake. Linatajwa kuwa jengo kongwe kuliko yote yaliyobaki jijini, lakini kwa umri peke yake liliukosa mstari wa sheria kwa miaka mitatu au minne hivi. Sasa kama jengo la Sultani lilichelewa, msikiti wa udongo uliojengwa na muuza duka na fundi cherehani huku Usukumani, zama za mkoloni, utaingia kwa mlango gani?

Siandiki haya kuilaumu serikali. Hakuna serikali duniani iliyoweza kuweka mlinzi kwenye kila jengo lenye historia. Uingereza na utajiri wake wote, chombo chake kikubwa cha kuhifadhi majumba na maeneo ya kale, National Trust, kilianzishwa mwaka 1895 na raia watatu tu: Octavia Hill, Robert Hunter na Hardwicke Rawnsley. Sheria ya bunge ya kukitambua ilikuja mwaka 1907, yaani miaka 12 baadaye. Raia walitangulia, serikali ikafuata.

Huku kwetu tunao mfano wa karibu zaidi, nao unapaswa kutukera kidogo. Pale Bujora, Kisesa, nje ya jiji la Mwanza, kuna makumbusho ya Wasukuma. Aliyeyaanzisha ni padri kutoka Kanada, David Clement, wa shirika la White Fathers, ambaye tangu miaka ya 1950 alishirikiana na wazee wa Kisukuma kukusanya ngoma za watemi, viti vya enzi, mavazi na vifaa vya jamii mbili kubwa za wacheza ngoma, Bagika na Bagalu. Mwaka 1963 serikali ilipofuta utemi, vitu vingi vilivyokuwa ikulu za watemi vilikosa mwenyewe. Vilivyofika Bujora vipo mpaka leo. Ambavyo havikufika, nendeni mkaulize viko wapi.

Padri yule alikuwa na malengo yake ya dini na wala hakuyaficha, kanisa la pale lenyewe limejengwa kwa umbo la nyumba ya Kisukuma. Lakini tuwe waadilifu. Mtu alitoka mbali, akajifunza lugha ya wenyeji, akakaa na wazee, akaandika na kukusanya. Sisi Waislamu ambao wazee wetu walifika bara kwa njia za misafara kabla ya wamishonari wengi, ambao tulikuwa na walimu wa chuo, maduka na misikiti katika karibu kila mji mdogo wa Kanda ya Ziwa, tumekusanya nini? Daftari la ndoa la mwalimu wa kwanza wa mji wako liko wapi? Ile mbao iliyokuwa juu ya mlango wa msikiti wa kwanza, iliyoandikwa jina la aliyetoa kiwanja na mwaka wake, nani anajua ilikwenda jikoni kwa nani?

Swali la mbao hiyo si la kujifurahisha na mambo ya kale. Katika mji mmoja wa Kanda ya Ziwa ambao sitautaja, nilishuhudia msikiti wa zamani ukivunjwa kwa furaha kubwa kwa sababu amepatikana mfadhili wa kujenga mpya. Jengo lilikuwa dogo na maamuma walikuwa wanaswali nje kwenye jua, kwa hiyo haja ilikuwepo. Kuta zikabomolewa kwa siku mbili, mbao zikagawanywa, kisima cha kutawadhia kikafukiwa. Mfadhili akachelewa miaka. Katika miaka hiyo jirani akasogeza uzio wake, kisha akasogeza tena. Suala lilipofika kwenye baraza, wazee waliomfahamu mtoa wakfu walikuwa wameshafariki, hakuna karatasi, hakuna picha, na ushahidi pekee uliokuwa umesimama juu ya ardhi, yaani lile jengo lenyewe, tuliubomoa kwa mikono yetu. Mpaka leo Waislamu wa pale wanaswali katika nyumba ya kupanga.

Hebu tuyaangalie majengo yetu ya kale kwa jicho hilo. Ukuta mkongwe ni shahidi. Unasema nani alikuwa hapa, lini, na kwa makubaliano gani.

Hoja ya shirki

Najua wapo ndugu watakaosema kwamba kujishughulisha na magofu na makaburi ni kufungua mlango wa shirki. Hoja hii haipuuzwi. Yapo makaburi ya kale pwani ambayo watu huyaendea na ubani na kuomba shida zao, na huku Usukumani maeneo ya ikulu yalikuwa na matambiko yake. Muislamu hawezi kujitolea kuendeleza hayo.

Lakini kuhifadhi si kuabudu. Qur'an yenyewe inarudia mara nyingi suala la kutembea katika ardhi na kutazama athari za waliotangulia, na huwezi kutazama athari ambazo umekwishazisawazisha kwa katapila. Tazama yaliyotokea Makka mwaka 2002, ilipovunjwa ngome ya Ajyad iliyojengwa na Waturuki wa Uthmaniya katika karne ya 18. Haikuwa kaburi wala mahali pa kuombea. Ilikuwa ngome ya kijeshi. Mahali pake pamesimama mahoteli marefu. Uturuki ililalamika sana wakati ule, na kwa maoni yangu ilikuwa na haki, maana pale hoja ya shirki haikuwa na pa kusimama. Ilikuwa suala la kiwanja.

Msimamo wangu ni huu: penye ibada potofu, ibada ikomeshwe kwa mafundisho, jengo libaki. Na kwa upande wa ikulu za watemi, Muislamu Msukuma anaweza kusaidia kupima eneo, kuandika majina na kupanda uzio bila kushika ngoma wala kumwaga pombe.

Udongo unataka mikono kila mwaka

Watu wengi wanadhani jengo la udongo si la kudumu, hivyo si la kuhifadhiwa. La hasha. Msikiti mkubwa kuliko majengo yote ya udongo duniani uko Djenné, nchini Mali. Jengo la sasa ni la mwaka 1907, na mji huo wa kale uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1988. Unadumu vipi penye mvua? Kila mwaka wakazi wa mji huo wanatoka kwa pamoja na kuukandika upya. Udongo huchanganywa na pumba za mpunga na kuachwa uchachuke, vijana wanaubeba kwa vikapu huku wakikimbia, wanawake wanaleta maji, na mafundi wa ukoo wanasimamia juu ya ngazi. Hakuna anayelipwa mshahara kwa siku hiyo. Jengo halikuhifadhiwa mara moja likaachwa, linahifadhiwa kila mwaka.

Lipo na funzo la pili kutoka Djenné. Mwaka 2006 wataalamu wa mradi wa ukarabati walipopanda kuchunguza paa la msikiti huo, wananchi ambao hawakuelezwa vizuri kinachoendelea walizuka kwa ghasia. Nia ya wataalamu ilikuwa njema. Kilichokosekana ni kuzungumza kwanza na wenye msikiti. Vijana wetu wasomi wanaotoka Mwanza na Dar es Salaam wakiwa na kamera na nia njema wakumbuke hilo kabla hawajapanda juu ya paa la mtu.

Ndugu msomaji, usidhani kwamba utaratibu wa namna hiyo ni mgeni Usukumani. Wazee wetu walikuwa na elika, kundi la vijana wa kijiji lililofanya kazi za shamba na ujenzi kwa zamu chini ya kiongozi wao, nsumba ntale. Aliyefanyiwa kazi alitoa chakula. Kulikuwa pia na dagashida, mkutano wa wanajamii wa kutunga na kusimamia mila. Na kuna ushahidi wa karibu kwamba mambo haya hayajafa. Mwaka 1986 serikali ilipoanzisha mradi wa HASHI kuokoa ardhi ya mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulikuwa na Bariadi ndani yake, kilichofanikiwa zaidi ni kurudishwa kwa ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa msimu wa mvua ili yasaidie kiangazi. Wananchi waliyafunga wenyewe, wakaweka faini wenyewe, na sungusungu wakasimamia. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 2000, ngitili zilikuwa zimefikia mamia ya maelfu ya hekta. Watu walioweza kuzuia ng'ombe wao wenyewe wasiingie kwenye majani mabichi hawashindwi kukandika ukuta mmoja kwa mwaka. Anayemjua Msukuma na ng'ombe wake ataelewa uzito wa jambo hilo.

Hapa nitasema kidogo juu ya ufundi, kwa sababu kujitolea bila elimu kumevunja majengo mengi kuliko mvua. Kosa kubwa ni saruji. Mtu anaona ukuta wa udongo umechubuka, anachanga fedha, ananunua mifuko minne na kupiga lipu. Ukuta unapendeza kwa mwaka mmoja. Udongo hutanuka na kusinyaa, hupumua unyevu. Saruji haifuati. Inapasuka, maji yanaingia kwenye nyufa na kukosa pa kutokea, na ndani ukuta unageuka tope bila mtu kuona, mpaka siku kipande kizima kinadondoka. Pwani mambo ni hayo hayo kwenye kuta za mawe na chokaa, ndiyo maana mafundi wa Kilwa katika kazi za miaka ya karibuni walirudi kwenye chokaa. Kilwa iliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1981, ikawekwa katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini mwaka 2004, ikatolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Miaka hiyo kumi haikuwa ya wageni na fedha zao peke yao. Wanakijiji walishiriki, kwa kufyeka miti iliyokuwa inapasua kuta, kujifunza kuchoma na kuchanganya chokaa, na kuwa na kamati yao ya magofu.

Kwa hiyo ukuta wa udongo ukarabatiwe kwa udongo. Kabla hata ya ukuta, angalia maji. Paa linalovuja, upenu mfupi na mchirizi ulioziba ndiyo maadui watatu wa kwanza. Wa nne ni mchwa. Kazi ya siku moja ya kuchimba mchirizi kuzunguka msingi ina faida kuliko harambee ya rangi, ingawa hakuna mgeni rasmi atakayekuja kuzindua mchirizi.

Wakfu na fedha za matengenezo

Kuna wanaosema kujitolea ni mambo ya wazungu. Wanasahau kwamba Waislamu wana chombo cha hiari kilichotangulia vyama vyote hivyo, nacho ni wakfu. Kisima cha Ruma pale Madina, alichokinunua Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.) na kukiacha kwa ajili ya watu wote, kinatajwa mpaka leo. Na wanazuoni wa fikihi waliweka kanuni ambayo wasimamizi wetu wengi hawaifuati: mapato ya wakfu kwanza yanakwenda kwenye matengenezo ya wakfu wenyewe, ndipo wanufaika wapate. Jengo likianguka, mnufaika atakula nini?

Tazama Mji Mkongwe wa Zanzibar. Nyumba nyingi pale ni za wakfu, zikiwa chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kwa miaka mingi kodi ya nyumba hizo ilikuwa ndogo mno isiyoweza kununua hata chokaa, na matokeo yake yanaonekana kwa macho. Hata fedha nyingi zikija, zikichelewa hazisaidii. Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka mwaka 2012, kisha sehemu kubwa ya upande wa mbele pamoja na mnara wa saa ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 wakati ukarabati mkubwa ukiendelea, na watu wawili wakafariki. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Matengenezo madogo ya kila mwaka yangegharimu kiasi gani kwa miaka ile yote?

Ndiyo maana mimi siafiki kabisa tabia ya kusubiri mfadhili. Mfadhili hajengi mchirizi.

Hapa Ngulyati tumeanza na daftari. Tuko wachache, wengine Waislamu, wengine si Waislamu, akiwemo mwalimu mstaafu ambaye ndiye mwenye mwandiko unaosomeka. Tunaandika kila jengo, kaburi, kisima na mti wenye habari yake: nani alijenga, kwa habari ya nani tumeambiwa, mipaka yake ni ipi, na majirani ni nani. Tunapiga picha kwa simu pande zote nne, na picha zinawekwa sehemu tatu tofauti, maana simu huibiwa. Hatuchimbi kitu chochote, kwa sababu kuchimba mahali pa kale bila kibali ni kosa kisheria, na pia kwa sababu ukishika jembe tu uvumi unaenea kwamba mnatafuta rupia za Wajerumani. Uvumi huo umeshatupata hata bila jembe.

Baada ya daftari inafuata karatasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu hatimiliki ya kimila, na eneo la msikiti au makaburi likiwa na wadhamini wanaotambulika, hakuna sababu ya kulikosea karatasi. Hali kadhalika halmashauri ya kijiji inao uwezo wa kutunga sheria ndogo, ikapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Kwa njia hiyo kijiji kinaweza kulinda mti, kisima au jengo ambalo sheria ya mwaka 1964 hailioni.

Na kwa Waislamu ambao jengo limewawia dogo, pendekezo langu ni jepesi. Jengeni mpya pembeni ya la zamani, la zamani ligeuzwe madrasa au maktaba. Kama kiwanja hakitoshi na hapana budi kuvunja, basi kabla ya nyundo ya kwanza lipimwe, lipigwe picha, mbao ya mlangoni itolewe na kuhifadhiwa ndani ya jengo jipya, na wazee wawili watatu waandikishe ushahidi wao mbele ya mtendaji. Ni kazi ya asubuhi moja.

Tulipolipeleka suala la daftari katika mkutano wa kijiji, hakuna aliyepinga. Mzee mmoja aliuliza tu ni nani atakayelishika sisi tukishakufa. Tulikubaliana ziwe nakala tatu: moja ofisi ya kijiji, moja shule ya msingi, moja msikitini, na kila mwaka baada ya mavuno ya pamba zisomwe mbele ya watu ili anayejua zaidi asahihishe. Nakala ya shule bado haijaandikwa, inamsubiri yule mwalimu mstaafu apone macho.